Maharage ya Hakurya

Mtu akikwambia simu yako inasikilizwa, usimuulize ni nani anayesikiliza. Muulize huyo msikilizaji anajua lugha gani. Mie hilo sikulijua mpaka nilipokaa na Esteri, na Mungu anajua ningependa nisingelijua.

Naitwa Rabia, mtu wa Ujiji. Nilikuja Kasulu nikimfuata mume, dereva wa halmashauri. Mume akastaafu, akafariki, mie nikabaki na masufuria yangu. Mgahawa wangu unatazamana na Redio Ruchugi, barabara tu imetutenga, kwa hiyo ninachokijua kuhusu mambo ya nchi nimekijua huku nachota mchuzi. Walimu wanakula kwangu, bodaboda wanakula kwangu, na wale watangazaji wenye sauti nene na miguu myembamba wanakula kwangu. Wakishashiba wanaanza kubishana, na mie nawaachia wabishane, alimradi hawavunji sahani.

Esteri, ambaye tunamwita Mama Winnie, hakuwa mtu wa kubishana. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na jembe moja na mtoto mgongoni. Yeye akazaliwa huku huku, Titye, akasoma huku, akaolewa huku, na uraia akapewa huku, akaapa mkono juu mbele ya watu. Lakini nenda sokoni uulize Esteri ni nani. "Aah, yule Mrundi?" Ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Mtu atakula ugali na sisi maisha yake yote, siku tukikosana naye tunamkumbusha njia aliyokujia.

Alikuwa mrefu, mkimya, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni kitu cha wizi. Maharage alikuwa anayajua kama mie ninavyowajua dagaa. Mumewe, Leonidasi, alikuwa kinyume chake. Watu wa milimani kule Rungwe Mpya wamezoea kuitana kilima kwa kilima, sasa huyu bwana hata akishika simu alipiga kelele vile vile, kana kwamba simu ni ya kumtambulisha tu na sauti itafika yenyewe kwa miguu. Esteri alikuwa akimwambia, "Baba Winnie, punguza, kijiji kizima kinasikia." Naye anajibu, "Wasikie! Naongea maharage, siongei uchawi."

Sasa shika hapo, maana habari yote inaanzia kwenye hayo maharage.

Leonidasi alikuwa na ndugu yake, mtoto wa baba yake mdogo, anaitwa Niyubahwe. Huyu alikuja juzi juzi, kwenye machafuko yale ya mwaka elfu mbili na kumi na tano, naye si raia, ni mkimbizi wa kambini, kambi iliyoko njia ya kwenda Kibondo. Mtu wa kambini haruhusiwi kulima nje ya kambi. Amri ndiyo hiyo. Lakini chakula cha mgao kinapunguzwa kila uchao, na watoto wa Niyubahwe wana matumbo kama watoto wengine. Basi Leonidasi akakodi shamba bondeni, ng'ambo ya mto, nyuma ya ile kambi, na Niyubahwe akawa anatoka kimya kimya na wenzake kuja kulima naye, kisha wanagawana mavuno. Hilo shamba wao walikuwa wanaliita hakurya. Kwa lugha yao, Kirundi, hakurya ni ng'ambo, upande wa pili. Hakuna zaidi.

Msimu uliopita, kabla mvua hazijaanza, Leonidasi alikwenda Kibondo kununua mbegu. Watu wawili wakamfuata sokoni, wastaarabu kabisa, mashati yamepigwa pasi. "Mzee, njoo mara moja kwenye gari, tuna swali dogo." Swali dogo! Akapanda gari jeupe, mfuko wa mbegu akauacha kwa muuza vitunguu amshikie, akijua anarudi sasa hivi. Hakurudi.

Esteri alimtafuta mpaka viatu vikaisha. Kibondo wakamwambia, "Hayupo kwetu, jaribu Kasulu." Kasulu wakamwambia, "Jaribu Kigoma." Kigoma wakamwambia, "Mama, wewe una uhakika hajaoa mke mwingine?" Kuna mmoja tu aliyemhurumia, akamvuta pembeni akamwambia, "Mambo ya usalama hayaulizwi. Rudi nyumbani ukae kimya." Akae kimya! Watoto wanauliza baba, shamba halijapandwa, na mama yake mzazi kule Titye, bibi wa watu ambaye Kiswahili hakijui, kila siku anamuuliza umekwenda wapi leo na wamekwambia nini.

Alifika kwangu kuomba maji ya kunywa. Nikamtazama nikaona huyu mtu hajala. Nikampa chakula, akala amesimama, macho barabarani. Alipomaliza akaniosha masufuria bila kuambiwa. Nikamwambia, "Mama Winnie, kama unataka kazi, kazi ipo." Watoto akawaacha kwa bibi yao, akabaki na mie, maana pale kwangu ni karibu na ofisi zote na kila gari linalotoka Kibondo linapita. Ikawa kila gari jeupe likipita anatoka mbio, mikono inachuruzika povu, anasimama ukingoni mwa barabara. Gari likishapita anarudi kwenye karai lake. Mie nikazoea kumwona vile, na kuzoea kwenyewe kulikuwa kunaniuma.

Basi siku moja mchana, wateja wamejaa, redio yetu ya jirani inalia kwenye spika yangu. Mtangazaji alikuwa Saady, kijana mwembamba, mpenda ndizi za kupika, ana maswali kuliko mtoto wa miaka mitatu. Akasema kipindi cha leo kinaitwa Nani Anatusikiliza? Akasema zimemfikia sauti za simu za watu wa ukanda huu wa mpakani, simu za watu wa kawaida tu, zilizorekodiwa na ofisi moja ya serikali isiyo na hata kibao mlangoni. Kuna mtu wa ndani, dhamiri ilimsuta, akazitoa. Na pamoja na sauti, tafsiri zake za Kiswahili, vile zilivyopelekwa kwa wakubwa.

Vijiko vikasimama. Nani hana simu? Nani hajasema jambo kwenye simu?

Ikaja sauti ya kwanza, mtu wa Manyovu anayebadilisha fedha za mpakani, anamsengenya mkwewe. Watu wakacheka kidogo. Kisha ikaja ya pili. Sauti kubwa, inapiga kelele kilima kwa kilima:

"Imvura niyagwa, tuzotera hakurya! Imbuto ndazifise!"

Nikasikia karai limeanguka huko nyuma.

Halafu dada mmoja mtangazaji akasoma tafsiri ya ile ofisi, taratibu, kama anasoma habari za msiba: "Mvua ikishanyesha, tutashambulia ng'ambo. Matunda ninayo." Na maelezo ya chini: "Matunda, huenda ni fumbo la risasi."

Jamani! Waha wote mle ndani, wenyeji wa huku, wakaangua kicheko. Bodaboda mmoja, Nduwayezu, akapaliwa na wali ikabidi apigwe mgongoni. Mie mwenyewe Kiha changu ni cha kuombea chumvi, lakini hilo nililijua. Kwa Waha na kwa Warundi, gutera ni kupanda mbegu, tuzotera ni tutapanda. Na imbuto ndizo mbegu zenyewe. Ni kweli neno hilo hilo gutera ni kushambulia pia, na sisi Waswahili tuna letu: unapiga mtu, unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki. Mtoto akisema "nitampigia mama," kuna mtu anakimbilia polisi? Lakini aliyepewa kazi ya kusikiliza hakuwa mtu wa huku. Kwao, huko alikotoka, gutera ni kupiga tu, na imbuto ni matunda, basi. Na asiyejua maana haambiwi maana. Alisikia kupiga, akasikia ng'ambo, akaona Burundi, akaona vita, akaona na cheo kinakuja.

Esteri akatoka nyuma. Anacheka, wallahi, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika, mara ya kwanza namwona anacheka tangu aje. Kisha kicheko kikageuka. Akakaa chini kwenye sakafu katikati ya meza zangu.

"Ni yeye, dada Rabia. Ni Baba Winnie. Ni maharage! Mungu wangu, wamemchukua kwa maharage!"

Sasa pale kwangu alikuwepo Mwalimu Theonest, anafundisha sekondari, kaletwa huku na serikali kutoka mkoa mwingine. Mtu msafi, hana makuu, lakini ana msimamo. Watu walipokuwa wanamshangilia Saady, yeye akaweka kijiko chini.

"Mimi nampa pole mama huyu," akasema. "Lakini huyu kijana wa redio amefanya kosa kubwa. Tuko mpakani. Silaha zimepita hapa, mnajua. Watu wametekwa barabarani hapa, mnajua. Serikali isiposikiliza, nani atawasikia wenye bunduki? Sasa kila mwenye nia mbaya ameshajua simu zinasikilizwa."

"Siri gani ya nchi iko kwenye maharage, Mwalimu?" Nduwayezu akamrukia. "Wakisikiliza wasikilize na akili! Leo wamemchukua Leonidasi, kesho mimi nikimwambia demu wangu nakuja kukumaliza, nitaenda jela?"

Watu wakacheka. Theonest hakucheka.

"Nakubali wamekosea. Basi jambo hili lipelekwe kwenye vyombo vya dola, makosa yarekebishwe humo ndani. Saady kachaguliwa na nani? Leo katoa sauti ya mtu asiye na hatia. Kesho atatoa ya nani? Nani kampa mzani wa kupima ipi itoke na ipi ibaki?"

"Vyombo!" nikasema mie, maana uvumilivu uliniishia. "Mwalimu, huyu mwanamke kapiga hodi kwenye hivyo vyombo vyako mpaka vidole vimeota sugu. Nani kamfungulia?"

Akamtazama Esteri pale chini, akasema samahani mama. Lakini hakubadili msimamo wake, na mie sikumchukia kwa hilo. Mji mzima uligawanyika vile vile. Kanisani mchungaji kasema tuwaombee viongozi, msikitini watu wamebishana mpaka viatu vikapotea. Simu zikawa kitu cha kuogopwa. Mtu akitaka kukuambia bei ya mahindi anakuja mwenyewe kwa baiskeli.

Siku mbili tatu zikapita. Saady akaja kula, hakula. Akamwita Esteri, akaniita na mie, akatuambia kwa sauti ya chini.

"Mama Winnie, ile sauti niliyorusha ni kipande. Mimi ninayo yote. Mbele kidogo mumeo anasema wazi, ibiharage, anataja shamba, anataja majembe. Nikiirusha yote, hakuna mtu duniani atakayesema tena ni shambulio. Watashindwa kumshikilia."

"Sasa mbona hukuirusha?" nikamuuliza.

"Kwa sababu anaongea na mtu wa kambini. Jina naweza kulikata. Lakini hapo hapo anapotaja maharage ndipo anapotaja bonde lililo nyuma ya kambi, na njia ya kupitia, na kwamba aje na wenzake wa kambini. Nikikata hayo, ushahidi unakuwa hauna miguu."

"Hao jamaa si wanayo sauti yote?"

"Wanayo. Lakini aliyetafsiri aliposikia kushambulia alifurahi, akaishia hapo. Kilichobaki kaandika tu kwamba ni mazungumzo ya kifamilia. Hakuna aliyesikiliza mpaka mwisho. Nikiirusha, watasikiliza."

Esteri alijua ni nani anayesemwa. Aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa Niyubahwe, na laini yake imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ndiyo maana hawajamfikia. Wanaokamatwa nje ya kambi bila kibali hupakiwa kwenye lori na kupelekwa mpakani. Na Niyubahwe huko alikotoka aliwaacha watu wanaomngoja. Ndugu zake wawili waliorudi kwa hiari yao hawakuonekana tena.

"Nipe mpaka Jumamosi," akamwambia Saady. "Nitakwenda mwenyewe nikamwambie uso kwa uso. Aache kwenda shambani, akae ndani ya kambi na watoto wake, hapo hata mkirusha watakuta bonde tupu. Kwenye simu sisemi."

Saady akakubali. Lilikuwa shauri jema. Mie mwenyewe nilimfungia mchele wa kuwapelekea watoto wa Niyubahwe.

Lakini haikufika Jumamosi. Kesho yake tu, Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Saady akavuka barabara mbio, hata gari nusura limgonge. Jasho linamtoka.

"Tumeambiwa tufunge. Wanakuja alasiri kuchukua mitambo na kila kitu kilichomo, na mimi natakiwa niende nao. Kipindi cha saa saba ndicho cha mwisho. Baada ya hapo hiyo sauti hakuna atakayeisikia tena, na mumeo atabaki kuwa gaidi. Mama Winnie, nakuuliza wewe. Niirushe au nisiirushe?"

Kibondo si hapa na sokoni. Hata angepata gari muda ule ule, saa saba ingemkuta bado yuko njiani. Nilimtazama mwanamke yule akitazama saa ya ukutani, kisha barabara, kisha mikono yake. Wewe unayesoma, usiseme ungefanya nini. Nyamaza tu.

"Irushe," akasema.

Saady akaondoka. Esteri akanigeukia. "Dada, nisaidie simu yako."

Nikampa. Akaingia nami nyuma jikoni, akabonyeza spika ili na mie nisikie. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa, na nikasikia upepo, na jembe linagonga jiwe. Alikuwa shambani! Mvua zimeanza, mwenzake hayupo, kaamua kupanda peke yake na watu wake ili ndugu yake akirudi akute maharage yameota.

Esteri akaanza kwa Kiswahili. Kiswahili safi cha shuleni, maana alishaamini lugha yao ndiyo inayotegewa masikio.

"Haloo, shemeji. Habari za huko?"

Niyubahwe akashangaa. Walikuwa hawajawahi kusemezana Kiswahili hao. Akamjibu kwa kile cha kambini, kilichochanganyika na maneno ya Wakongo. "Oh, shemeji! Tuko bien. Habari ya ndugu yangu?"

"Shemeji, nasikia huko hali ya hewa si nzuri. Mvua kubwa inakuja. Rudini ndani."

"Mvua?" Akacheka. "Hapana, leo jua tu. Mvua ilinyesha jana, udongo uko muzuri sana!"

"Inakuja, shemeji. Nimesikia redioni. Leo hii. Rudini ndani na watoto."

"Sinkumva, shemeji."

Sinkumva, kwao, ni sikusikii, na hapo hapo ni sikuelewi. Wanatumia neno moja kwa yote mawili.

"Wageni," Esteri akasema. Machozi yanamtoka lakini sauti kaishikilia. "Kuna wageni wanakuja kwako. Nenda nyumbani ukafunge mlango."

"Wageni? Karibu yao! Sinkumva, sema kwetu basi, lugha yetu."

Nikaona midomo ya Esteri inafunguka, neno limefika kwenye meno. Akaifunga. Akatazama ile simu kama mtu anayetazama nyoka kitandani kwake.

"Nenda nyumbani tu, shemeji. Tafadhali."

"Ndiyo, ndiyo. Nikimaliza hii mistari."

Simu ikakatika, mtandao wa bondeni ndio ulivyo. Akapiga tena, haikupatikana. Akapiga tena na tena. Na huko mbele, kwenye spika, ikapigwa ile saa saba.

Saady aliirusha yote. Sauti ya Leonidasi ikajaa mtaa mzima, kila kibanda kilikuwa kimefungulia: tuzotera ibiharage, bonde lile, njia ile ya mikaratusi, majembe mangapi, na mwisho akamwambia nduguye asisahau kuja na chumvi. Watu wakapiga makofi. Bodaboda wakapiga honi. Hata askari mmoja wa barabarani nilimwona anacheka anageuka upande wa pili. Esteri hakuja mbele. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa, simu yangu mapajani, anabonyeza namba ile ile.

Alasiri wakaja, wakachukua mitambo. Saady akatoka katikati yao, akaniona, akanipungia mkono kama anayekwenda safari ya kawaida. Hadi leo namwekea ndizi Mungu akinijalia kuzipata, na hadi leo hajaja.

Habari za bondeni zilifika kesho yake, zikaletwa na mwanamke anayeuza mihogo Kibondo. Walikuja na lori jioni ile ile, moja kwa moja, hawakuuliza njia mtu. Njia waliisikia redioni. Niyubahwe na wenzake wakakutwa katikati ya shamba, na lori likashika barabara ya Manyovu, kwenda mpakani. Majembe yalibaki yamelala kwenye mistari, na ule wa mwisho haukumalizika. Mke wa Niyubahwe aliwafungia watoto nguo akaondoka nao kambini, na hakuna ajuaye wameelekea wapi.

Mwalimu Theonest aliposikia hakusema "niliwaambia." Alikaa, akasukuma sahani. "Sikutaka niwe sahihi kwa hili," akasema. Naye Nduwayezu akamjibu kwamba wenye lori ndio wenye kosa, si Saady, na Theonest akasema lori lilihitaji kuonyeshwa njia, na wakaanza upya. Niliwafukuza wote wawili. Niliwafukuza kwa mwiko, mbele za watu. Waende wakabishanie kwingine, pale palikuwa na mtu anaosha vyombo huku analia.

Leonidasi akarudi. Waliomwachia hawakutaja redio, walimwambia uchunguzi umekamilika, wakamteremsha njiani kama kifurushi. Asubuhi moja gari jeupe likapita, Esteri kwa mara ya kwanza hakutoka kulitazama, na aliyeingia mlangoni alikuwa mumewe, kwa miguu, kavaa viatu visivyo vyake. Akamkumbatia mkewe mbele yetu. Watu wakashangilia, Nduwayezu akapiga kelele, "Shujaa! Redio imekutoa!" Leonidasi akavuta kiti.

Akakaa. Nikampa chai, akaishika kwa mikono miwili. Halafu akasema, na jamani, sauti. Mtu aliyekuwa anaita kilima kwa kilima alikuwa ananong'ona. Ilibidi niinamie meza ili nimsikie.

"Niyubahwe amepanda?"

Esteri akamweleza. Alimweleza yote, hakujificha: Saady alivyomuuliza, yeye alivyojibu irushe, alivyopiga simu.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia mvua inakuja. Nikamwambia wageni."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Leonidasi akaweka kikombe. Kuna neno kwao, hunga. Maana yake kimbia, lakini si kukimbia kwa mchezo, ni kukimbia kwa kuacha chungu motoni. Kila mtoto wa wale watu analijua kabla hajajua kuhesabu. Akilisikia hamuulizi mtu kwa nini, anatupa alichoshika na miguu inaondoka.

"Kwa nini hukumwambia hunga?" akanong'ona. "Neno moja tu, Esteri."

"Niliogopa. Wangesikia."

"Wangesikia, ndiyo," Leonidasi akasema. "Lakini na yeye angesikia."